Mwachie mausi mwenzio

Mwezi huu nakuletea kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe. Kosa langu ni kumnyang'anya mke wangu mausi ya kompyuta. Usicheke. Kosa hilo nusura litugharimu kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Najua wengi mnaosoma ukurasa huu mna ajira, na pembeni mna mchongo wa kuongeza mshiko. Hapa Kibiti mchongo wetu ni video za harusi. Mimi nashika kamera, mama watoto, ambaye siku za kazi ni muuguzi, ndiye anayeediti. Alianza na simu, kwa CapCut, kama vijana wengi. Unaweka klipu, unakata, unatupia muziki, dakika kumi kazi imekwisha. Kwa video ya dakika moja ya kurusha kwenye status, bomba kabisa. Lakini mteja akitaka harusi nzima, kuanzia ndoa msikitini mpaka bibi harusi anapotolewa ndani, simu inapata moto kama pasi ya mkaa, na nafasi inajaa kabla hamjafika kwenye pilau.

Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuhamie kwenye programu ya watu wa kazi. Tukapiga hesabu. Premiere Pro ya Adobe ni ya kulipia kila mwezi au kila mwaka. Final Cut Pro ni ya vifaa vya Apple, na sisi laptopu yetu ni ya Windows, tena ya mkono wa pili. Tukaangukia DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design, kwa sababu lina toleo la bure ambalo halikubandikii nembo juu ya video kwa kazi za kawaida za kukata na kuunga. Tukaipakua usiku, bando likiwa rahisi.

Ikafunguka. Jamani! Hebu fikiria umezoea bajaji, halafu asubuhi moja unakabidhiwa usukani wa basi la Mtwara. Madirisha mawili juu, folda kushoto, vitufe kila kona, na chini utepe mrefu mtupu unaoitwa taimlaini. Mke wangu akatazama, akasema taratibu, "Mbona hapa hata pa kuanzia sipaoni?"

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Badala ya kukaa pembeni tutafute wote, nilijifanya mjuaji kwa sababu nilikuwa nimetazama video mbili za mafunzo kazini. Kila akisogeza mkono, nasema, "Siyo hapo." Akichelewa sekunde tano, nainyakua mausi, nabofya fasta, namrudishia. Usiku wa tatu akaniambia, "Baba, ukinibofyolea kila kitu, ukisafiri hii kazi ataifanya nani?" Nikaona ananizingua. Nikamwambia mimi namrahisishia.

Mwenzangu hakugombana. Alibadili saa. Akawa anaamka alfajiri, kabla ya zamu yake, anakaa na klipu moja tu ya dakika tatu tuliyoirekodi sokoni. Wiki ya kwanza hakugusa rangi, hakugusa maandishi yanayoruka, hakugusa madoido yoyote. Alikuwa anakata, anaunga, anafuta, anaanza upya. Mimi nikimwona namcheka kimoyomoyo. Nilidhani anapoteza muda.

Agosti 2023, baada ya mavuno ya mpunga, mdogo wake akaolewa kule kwao delta. Kutoka Kibiti tulirudi mpaka Bungu, tukakunja kwenda Nyamisati, pale zinapoondokea boti za Mafia. Tukasubiri maji yajae, tukaingia kwenye boti na begi la kamera nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Kama hujawahi kupita mle, siku moja mpeleke mwenzio. Ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya pwani hii ya Afrika Mashariki. Vijito vinapinda na kugawanyika mpaka unajiuliza nahodha anajuaje njia.

Baada ya chakula baba mkwe akaomba kusema neno. Mzee wa miaka zaidi ya themanini, kanzu nyeupe, ameketi mkekani, mkewe pembeni yake. Mke wangu akawasha kinasa sauti cha simu, akamwomba baba yake aitie simu mfuko wa juu wa kanzu. Kisha akapiga kofi moja mbele ya kamera. Nikamuuliza la nini. Akasema, "Utaliona kwenye taimlaini." Mzee akasema dakika kumi na moja.

Tuliporudi tukawa na wiki moja ya kukabidhi kazi. Mke wangu akaweka video na ile sauti ya simu, akalinganisha lile kofi. Kwenye picha, mikono inapogusana. Kwenye sauti, pale milima inaporuka juu. Akazifunga pamoja zitembee kama kitu kimoja. Sauti ikawa safi, kama mzee yuko chumbani. Kisha akaitwa zamu ya usiku.

Usiku ule nilikaa peke yangu na mausi. Hotuba ya dakika kumi na moja, nikasema hii itawachosha watu. Kuna mahali mzee ananyamaza muda mrefu mpaka unadhani amesahau. Nikabaki na salamu zake za mwanzo na dua ya mwisho, jumla sekunde arobaini. Katikati nikafuta yote. Nikatoa video, nikaikabidhi, watu wakasifia. Mke wangu alipoiona alisema neno moja tu, "Umemkata baba." Nikamjibu kwamba kazi ya mhariri ni kukata.

Februari 2024 laptopu ikajaa. Nikataka kufuta zile klipu zote ghafi za harusi. Kichwani nilikuwa na imani kwamba mradi ukishauhifadhi, basi picha zote zimo ndani yake, kama nguo ndani ya sanduku. Mke wangu akakataa katakata. "Hamisha, usifute." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikazihamishia kwenye hadi diski kwa hasira, folda nikaiita Mabaki, nikaitupia kabatini.

Mwezi Machi, siku chache kabla ya Ramadhani, baba mkwe akafariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu. Aprili yakaja yale mafuriko yaliyoipiga Rufiji na Kibiti, mashamba yakawa bahari. Kwa wakwe zangu maji yaliingia mpaka ndani. Albamu ya picha ikalowa, picha zikagandana, ukivuta moja inatoka na uso wa nyingine. Maji yalipopungua, shemeji yangu mkubwa akapiga simu. Alikuwa na ombi moja. "Shemeji, ile nasaha ya baba siku ya harusi, tunaiomba yote. Sisi huku hatuna hata picha yake."

Nilishika simu, ulimi ukawa mzito. Yote? Mimi yote niliifuta kwa mkono wangu.

Nikafungua mradi. Kila mahali palipokuwa na klipu pamekuwa pekundu, na maandishi "Media Offline". Salamu haipo, dua haipo, hata zile sekunde arobaini hazichezi. Msomaji, kuna kimya ambacho mwanaume anakijua pale anapotafuta namna ya kumweleza mkewe jambo. Mke wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta nimekaa gizani. Nikamweleza yote bila kupunguza, nikingoja mvua ya maneno.

Akavua viatu. Akasema, "Lete ile hadi diski." Kisha akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyemsukumia mausi.

Alichofanya hakikuzidi dakika tano. Alichagua klipu zote kule zinakokaa, akabofya upande wa kulia wa mausi, akachagua maneno "Relink Selected Clips", akaionyesha programu ile folda ya Mabaki. Wekundu ukaondoka, picha zikarudi. Halafu akaenda kwenye taimlaini, pale salamu za mzee zinapokutana na dua. Akabonyeza herufi T, akashika ncha ya kile kipande cha kwanza, akaivuta kwenda kulia. Kipande kikaanza kurefuka. Dua ikawa inasogea mbele kupisha njia. Dakika moja, dakika nne, dakika kumi. Mzee alikuwa mle mle, na sauti yake ya mfukoni ikiwa imeshikana naye vilevile kama alivyoifunga.

Nikamuuliza, "Kwani sikuifuta?" Akanijibu kama anavyowajibu wagonjwa wake, taratibu, "Hukufuta. Ulificha."

Mpenzi msomaji, kama unahama kutoka simu kwenda programu ya kazi, hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa, kabla ya rangi na madoido. Klipu iliyo kwenye taimlaini siyo faili lenyewe. Ni maelekezo tu: chukua faili fulani, anzia sekunde hii, ishia sekunde ile. Ukikata, unabadili maelekezo. Faili halijaguswa. Ndiyo maana kipande nilichodhani nimekiua kilivutika tena. Na ndiyo maana ukihamisha faili au ukibadili jina la folda, maelekezo yanakosa mwenyewe na kila kitu kinakuwa chekundu. Ukifuta faili lenyewe, hapo sasa ndugu yangu hakuna cha kuvuta. Sanduku langu la nguo halikuwepo. Nilichokuwa nacho ni orodha ya nguo.

Siyo mimi tu mwenye imani ile. Wale wa rika la kanda za VHS mnakumbuka, kuediti kulikuwa ni kunakili kutoka deki moja kwenda deki nyingine. Ukitaka kurefusha kitu cha katikati, unarekodi upya kuanzia pale mpaka mwisho. Mambo ya kukata kwa kompyuta bila kugusa picha za asili yalianza kushika kasi mwaka 1989 ilipotoka mashine ya Avid, na programu zote hizi za leo zinafuata njia ile ile. Nami nilizoea galari ya simu yangu ya zamani. Pale ukipunguza video na kuhifadhi juu ya ile ile, kilichoondoka kimeondoka.

Nilimwomba mama watoto anifundishe, safari hii kwa nidhamu. Haya ndiyo aliyonipangia, na nakuletea kwa mpangilio wake ule ule.

Anza na folda kabla hujafungua programu. Kazi moja, folda moja, ndani yake picha, sauti na muziki kila kimoja na chumba chake. Nakili kutoka kwenye memori kadi kwenda laptopu, nakala ya pili iende kwenye hadi diski, na kadi usiifute mpaka nakala zote mbili umezifungua ukaona zinacheza. Folda ikishapewa jina, usilibadili.

Pili, amua idadi ya picha kwa sekunde kabla ya kuanza. Simu nyingi zinarekodi 30, kamera yetu inarekodi 25. DaVinci ikikuuliza kwenye klipu ya kwanza kama ibadili mpangilio wa mradi, usibofye tu kwa haraka, kwa sababu ukishaanza kazi mradi hauruhusu kubadili tena.

Tatu, usimwage klipu nzima kwenye taimlaini. Itazame kwanza kwenye dirisha la kushoto. L inacheza mbele, K inasimamisha, J inarudi nyuma. Ukifika unapopataka bonyeza I, mwisho wake bonyeza O, kisha peleka hicho tu. Hapo kuna njia mbili, na usizichanganye. F9 inapenyeza klipu na kusukuma zilizo mbele. F10 inafunika kilichokuwepo. Mimi niliwahi kubonyeza F10 nikafunika shangazi mzima na vigelegele vyake.

Nne, kukata na kufuta. Simamisha ule mstari unaotembea pale unapotaka, bonyeza Ctrl na B, kipande kinagawanyika. Ukikichagua ukabonyeza Backspace, kinaondoka na kuacha pengo jeusi. Ukibonyeza Delete, kinaondoka na pengo linazibwa. Kwenye taimlaini yenye muziki uliokwishapangwa, kuziba pengo bila kuangalia kunaweza kuhamisha kila kitu cha mbele. Ukiona vigelegele vimetangulia na bibi harusi bado yuko ndani, ujue tatizo limeanzia hapo. Tulia, bonyeza Ctrl na Z, rudi nyuma.

Tano, jifunze kusogeza ncha. Kwa A unachagua na kuvuta ncha bila kusumbua majirani. Kwa T unavuta ncha na majirani wanasogea. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomrudisha baba mkwe. Ndiyo maana unapoanza kurekodi, washa kamera mapema kidogo na uzime ukichelewa kidogo, ili ncha ziwe na pa kuvutikia.

Sita, sauti. Mara nyingi picha na sauti zimefungwa pamoja. Ukitaka kushika moja tu, shikilia Alt unapobofya. Kisha jaribu hili: acha sauti ya anayefuata ianze kidogo kabla ya uso wake kuonekana. Ghafla harusi inatiririka, haikatikikatiki. Usihangaike na madoido ya kugeuza kurasa. Fanya zoezi hili wiki nzima kwa klipu moja ya dakika tatu, toa sekunde thelathini zinazoeleweka. Laptopu ikiwa dhaifu kama yetu, usiilazimishe. Programu inaweza kukutengenezea nakala nyepesi za kukatia, na mwisho ikatumia picha zenyewe.

Basi usiku ule tukaitazama nasaha yote. Pale nilipodhani mzee amesahau, hakusahau. Alikuwa amegeuka kumtazama mama mkwe. Akamtazama sana, kisha akawageukia maharusi akasema kwamba alimwoa mwaka wa mafuriko ya 1968, wakiwa hawana kitu ila mtumbwi mmoja. Akasema wamegombana kwa mengi, lakini jambo moja alijifunza mapema: mwenzio akishika pondo na mtumbwi uko kwenye mkondo, usimpokonye, hata kama unaona anakwenda kombo. Mtapinduka wote. Kaa, mwambie ulichokiona, mwachie apeleke.

Mke wangu hakunitazama. Alikuwa analia kwa ajili ya baba yake, na ile haikuwa saa ya kunisuta. Mimi ndiye niliyejitazama. Maneno yale nilikuwa nimeyafuta kwa sababu yanachosha, usiku nilipokuwa peke yangu na mausi niliyompokonya mwenye kazi.

Tuliitoa nasaha nzima, dakika zote kumi na moja pamoja na kile kimya. Moja tukaipeleka kwa flashi, nyingine nyepesi kwa WhatsApp. Shemeji alituambia mama mkwe aliomba irudiwe pale pale kwenye kimya, mara mbili.

Siku hizi kwetu kuna utaratibu. Aliyeshika mausi ndiye anayebofya. Mwenzie anaweza kusema, anaweza kuonyesha kwa kidole, lakini hanyakui. Na kabla mmoja wetu hajakata maneno ya mtu mzima, tunatazama yote kwanza, wote wawili. Kazi zimeongezeka, na kusema kweli anayeletewa wateja ni yeye. Mimi nabeba begi la kamera na nimeridhika.

Na wewe je, nyumbani kwako nani anashika mausi? Iwe kompyuta, usukani, jiko au daftari la bajeti, mwezi huu jaribu kukaa pembeni dakika kumi bila kunyakua. Halafu leo hii, kabla hujalala, toa zile video za wazazi kwenye simu yako, weka nakala mbili mahali pawili. Hilo usilingoje mwezi ujao.

Tukijaaliwa, tukutane tena hapa hapa.